Bukavu: Ampli ya korale iliungua mara mbili, lakini kijana tuliyemlaumu hakuwa na kosa

Ilikuwa Jumapili, katikati ya wimbo wa pili. Bafle zilitoa mlio mmoja mzito, kisha kimya. Harufu ya plastiki iliyoungua ilifika hadi kwenye viti vya mbele, na moshi mwembamba ukatoka mgongoni mwa ampli. Waimbaji waliendelea kwa sauti ya kinywa tu. Lakini macho ya watu yalikuwa yamekwisha kugeukia kona moja, kwa kijana wa miaka kama ishirini anayeshika vifungo vya sauti.

Mimi ni mwandishi wa habari, lakini katika habari hii niko pia mshiriki. Ninaimba katika korale hiyo, kwenye tarafa ya Kadutu, mjini Bukavu. Ampli hiyo tuliinunua kwa michango yetu wenyewe, karibu mwaka mzima. Mama anayetunza sanduku letu anauza makala sokoni, na kuna miezi ambayo mchango wake ulitangulia chakula cha nyumbani kwake.

Siku mbili baadaye tulifanya kikao. Kijana aliambiwa kwamba alipandisha sauti kupita kiasi, na kwamba atalipa nusu ya matengenezo. Hakubishana. Aliweka mezani ufunguo wa kabati ya vyombo, akaaga, na hakuonekana tena kwenye mazoezi.

Ampli ilipelekwa kwa fundi wa karibu. Alibadilisha tranzista mbili, akaweka fizibu, akairudisha siku hiyohiyo. Jumapili iliyofuata ilicheza nusu saa, ikaungua tena, na safari hii iliondoka pamoja na bafle moja. Makuta ya matengenezo ya kwanza yalikuwa yamepotea, na mara hii kijana hakuwepo ili alaumiwe.

Hapo ndipo nilipoibeba mimi mwenyewe kwa fundi wa pili. Nilichojifunza kwake kinawahusu watu wengi katika mji huu, maana karibu kila kanisa, kila ukumbi wa harusi na kila nganda ina ampli, na karibu kila moja imewahi kuungua.

Maswali kabla ya turnevisi

Fundi wa pili ni mzee aliyeanza kazi na redio, kabla ya simu za mkononi kufika Bukavu. Chumba chake ni kidogo, kimejaa maiti za televisheni na ampli ambazo bado anazichuna vipande. Nilitarajia achukue turnevisi mara moja. Badala yake alinionyesha kiti na kuanza kuuliza.

Kilichotangulia ni nini, moshi au kimya? Mlikuwa kwenye umeme wa SNEL au kwenye jenereta? Umeme ulikuwa umekatika na kurudi siku hiyo? Ampli ilikuwa imewekwa wapi? Nani aliifungua kabla yangu? Na bafle zilikuwa ngapi?

Maswali mengine niliyajibu haraka. La mwisho nililijibu kwa kuzungukazunguka, nikasema zilikuwa zile za kawaida. Aliandika kwenye kipande cha katoni bila kuniangalia.

Kwa maelezo yake, ampli ina sehemu tatu. Ya kwanza inapokea umeme wa ukutani: transfo inaupunguza, diodi zinaulazimisha uende upande mmoja, na kondensateri mbili kubwa kama makopo ya nyanya zinautunza. Ya pili inapokea sauti ndogo ya mikro au ya simu, na ndiyo yenye vifungo. Ya tatu ndiyo yenye nguvu: tranzista zilizofungwa kwenye aluminiamu ya kupoza joto, ambazo kazi yao ni kusukuma bafle. Kabla ya kufungua kifuniko, fundi mzuri anajaribu kujua ni sehemu gani inayougua.

Mambo mengine hata mwenye ampli anaweza kuyapima bila kufungua chochote. Upande mmoja ukinyamaza bila moshi wala harufu, badilisha nyaya za kuingiza sauti: wa kushoto upeleke kulia, wa kulia upeleke kushoto. Kimya kikihama, ampli haina ugonjwa, na tatizo liko kwenye waya au kwenye mikseri. Kimya kikibaki upande uleule, tatizo liko ndani ya ampli au kwenye bafle.

Kama kuna mngurumo, zungusha kifungo cha sauti. Mngurumo ukipungua pamoja na sauti, unatoka kabla ya kifungo, mara nyingi kwenye waya wa mikro uliokatika ndani. Ukibaki vilevile hata sauti ikiwa chini kabisa, angalia upande wa kondensateri kubwa, ambazo hukauka zikizeeka. Hapa mzee aliongeza onyo: wapo watu wanaokata waya wa udongo kwenye prizi ili mngurumo uishe. Mngurumo unaweza kuisha kweli, lakini siku umeme ukivuja ndani ya chombo, utapita kwa mwimbaji aliyeshika mikro ya chuma.

Kwa ampli iliyotoa moshi, kama yetu, hakuna cha kujaribu nyumbani. Usiiwashe tena kuona kama imepona. Na usiipe bafle nzima kwa majaribio.

Karatasi ya sigara

Alipofungua kifuniko, kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua ampule ya zamani yenye nyaya mbili na kuzigusisha kwenye miguu ya kondensateri kubwa. Kisha akapima kwa mita kuhakikisha hakuna kilichobaki. Kondensateri hizo zinaweza kushika zaidi ya volti 50 kwa muda mrefu baada ya ampli kuchomolewa ukutani. Wengine huzimaliza kwa kuweka turnevisi juu ya miguu yote miwili. Cheche inayotoka inaweza kuyeyusha chuma na kuharibu kondensateri yenyewe.

Halafu akanisogezea taa nione. Fizibu ya upande wa kulia ilikuwa imefungwa karatasi ya fedha, ile ya ndani ya pakiti ya sigara. Tunaijua wote, maana nyumba nyingi zimewahi kufanya hivyo fizibu inapokosekana. Lakini fizibu imewekwa ili ife yenyewe kabla ya vingine. Ukiifunga karatasi, umeiondolea kazi hiyo. Kwenye ampli yetu, njia ya shaba kwenye kibao iliungua badala ya fizibu, na kibao kikawa cheusi kama chungu.

Kosa la pili lilikuwa karibu na matundu ya bafle. Ampli nyingi zina rele, kile kifaa kinachosikika kikigonga mara moja sekunde chache baada ya kuwasha. Kazi yake ni kusubiri hadi ndani kutulie, na kukata bafle kama umeme usio sauti unataka kutoka. Rele isipogonga, watu husema imekufa, kumbe mara nyingi inakataa kwa sababu imeona hatari. Kwenye ampli yetu mtu alikuwa ameiruka kwa kipande cha waya. Kwa hiyo tranzista zilipokufa mara ya pili, umeme uliokuwa ndani ulikwenda moja kwa moja kwenye bafle na kuchoma waya wake mwembamba. Sasa nilielewa kwa nini mara ya pili hasara ilikuwa kubwa kuliko ya kwanza.

Mzee hakumtukana mwenzake. Alisema tu kwamba mteja akisimama mlangoni akitaka kazi iishe leo, fundi mwenye njaa atafanya kile anachotakiwa.

Kisha akapima tranzista moja moja, ampli ikiwa haina umeme. Kwa mita iliyowekwa kwenye alama ya diodi, tranzista nzuri huonyesha karibu 0,5 au 0,6 upande mmoja, na ukigeuza nyaya haionyeshi kitu. Iliyokufa mara nyingi huonyesha karibu sifuri pande zote mbili, na mita inalia. Upande wetu wa kulia ulikuwa na tranzista nne. Zilizolia zilikuwa tatu: zile mbili mpya, na moja ya zamani ambayo haikuguswa mara ya kwanza. Kijiwe cheupe cha 0,22 ohm kilicho karibu nayo kilikuwa kimekatika pia.

Kwake kanuni ni moja: ndugu wa kundi moja hawabadilishwi nusu. Tranzista za upande mmoja hugawana mzigo. Ukichanganya mpya na iliyochoka, moja itabeba zaidi, itapata joto zaidi, na itakufa mbele ya wenzake. Zinazozisukuma, ndogo zaidi, nazo lazima zipimwe kabla ya kuweka kubwa.

Tranzista isiyo na kitu ndani

Alichukua moja ya zile tatu, akaibana kwa koleo hadi ikapasuka. Ndani kulikuwa na kipande cha kioo cheusi kidogo kama punje ya ulezi. Kutoka kwenye kopo lake akatoa nyingine, iliyokufa kwenye ampli ya zamani, akaipasua pia. Kipande chake kilikuwa kipana mara kadhaa. Kwa nje zilikuwa na maandishi yaleyale.

Namba hizo mafundi wote wanazijua: 2SC5200 na mwenzake 2SA1943. Zinafanya kazi kwa jozi, moja ikisukuma na nyingine ikivuta. Kwa kawaida 2SC5200 ya Toshiba imetengenezwa kuvumilia volti 230 na ampere 15. Kwa sababu zinahitajika kila mahali, zimeigwa kila mahali. Ya bandia inaweza kupita kipimo cha mita bila shida na kucheza vizuri kwa sauti ndogo. Inakufa siku ya sikukuu, kwa sababu siku hiyo ndiyo inayoombwa nguvu.

Mzee ana njia zake. Anafuta maandishi kwa dawa ya kuondoa rangi ya kucha. Yakitoka kirahisi, anarudisha mali dukani. Anaangalia kama miguu imewahi kupitiwa na risasi. Na mara nyingi anapendelea kuchomoa tranzista nzima kwenye ampli ya zamani iliyokufa kwa ugonjwa mwingine. Mteja anayemwona akitumia kipande cha zamani hukasirika, akidhani anaibiwa. Mara nyingi ni kinyume chake.

Ampule iliyookoa tranzista nne

Vipande vilipokamilika nilidhani tumemaliza, nikasogeza waya wa ampli kuelekea prizi. Mzee alinishika mkono.

Alileta ubao mdogo wenye ampule ya wati 100, ile ya zamani yenye waya unaowaka ndani. Ampule hiyo inawekwa kwenye njia ya umeme kati ya ukuta na ampli, bila bafle yoyote. Kama ndani ya ampli kuna mahali umeme unapita ovyo, ampule itawaka kwa nguvu na kuuzuia umeme usipite wote. Kama kuko salama, itawaka kidogo wakati kondensateri zinajaa, kisha itafifia. Ampule za LED hazifai kwa kazi hii, maana zina vifaa vyake vya ndani. Ndiyo sababu mzee anahifadhi zile za zamani kwenye katoni yenye nguo, kama mayai, kwa kuwa zinazidi kuwa adimu madukani.

Aliwasha. Ampule ikawaka, na haikufifia. Akazima papo hapo.

Nilihesabu makuta kichwani na kukata tamaa. Yeye alitulia. Akapima tena, akachukua kijiti cha mbao, akaanza kugusa vipande kimoja kimoja. Baada ya robo saa akanionyesha tranzista ndogo iliyofungwa kwenye aluminiamu pamoja na zile kubwa. Kazi yake ni kusikia joto lao na kuzipunguzia mwendo zinapozidi. Mguu wake mmoja ulikuwa umeachana na risasi. Ufa wenyewe ulikuwa duara dogo lisiloonekana bila kioo cha kukuza. Bila mguu huo, tranzista kubwa zinafunguka zote kwa pamoja na kuchemka hata kama hakuna wimbo. Kama tungechomeka moja kwa moja ukutani, zote nne zingekufa kabla sijaondoa mkono kwenye kifungo.

Aliyeyusha risasi mpya, akawasha tena. Ampule iliwaka, ikafifia, ikabaki nyekundu kidogo. Sekunde chache baadaye rele, ambayo alikuwa ameirudisha kazini, ikagonga. Akapima matundu ya bafle: mita ilionyesha milivolti chache tu. Hapo ndipo panapotakiwa kuwa karibu na sifuri. Ukiona volti nyingi, bafle utakayounganisha itakufa. Baadaye akaondoa ampule, akarekebisha mwendo wa tranzista kwa kifungo kidogo cha ndani, akaunganisha bafle kuukuu isiyo na thamani, na kuiacha icheze zaidi ya saa nzima huku akigusa aluminiamu kila mara.

Swali nililolikwepa

Ampli ikiwa inacheza, mzee alirudi kwenye katoni yake na kuniuliza tena, kwa upole: ndugu yangu, bafle zilikuwa ngapi?

Nilimwambia ukweli. Kwa kawaida tulikuwa na bafle moja kila upande. Juma lile la kwanza kulikuwa na wageni, na mimi nilileta bafle mbili za binamu yangu ili sauti ifike hadi nje. Tukaziunganisha pamoja na zile zetu, mbili kila upande. Baada ya matengenezo ya kwanza tuliziunganisha tena vilevile.

Aligeuza ampli. Nyuma, chini ya vumbi, kuliandikwa kwamba kila upande usipewe mzigo wa chini ya ohm 4. Bafle zetu ni za ohm 4, na za binamu vilevile. Bafle mbili za ohm 4 zikiunganishwa kwenye tundu moja zinakuwa ohm 2. Ni kama tanki la maji: ukifungua bomba la pili, maji yanatoka mara mbili, na tanki halikutengenezwa kwa hilo. Tranzista zetu ziliombwa umeme mara mbili ya uwezo wao.

Aliuliza pia kama ampli ilifunikwa. Ndiyo. Mama zetu walishona kitambaa kizuri chenye maua ili vumbi lisiingie, na kitambaa hicho kilikuwa kinaziba matundu yote ya kutoa joto.

Kuhusu kupandisha sauti, mzee alicheka. Bukavu inapata sehemu kubwa ya umeme wake kutoka mto Ruzizi, kwenye vituo vya Ruzizi I vya miaka ya 1950 na Ruzizi II vya mwaka 1989, ambavyo vya mwisho tunavigawana na Rwanda na Burundi. Mji umekua kuliko umeme wake. Nguvu ya prizi ikishuka, ampli inapata pumzi fupi. Anayeshika vifungo anapandisha, sauti inaanza kukwaruza, na vinavyoumia kwanza ni vispika vidogo vya sauti kali. Kijana wetu angeweza kuchoma hivyo. Havikuungua.

Kwa wanaomiliki ampli

Soma maandishi ya nyuma kabla ya kuongeza bafle, na uhesabu ohm. Acha nafasi ya mkono mmoja kila upande ili joto litoke. Umeme ukikatika, chomoa. Ukirudi, subiri dakika chache hadi utulie. Usifunge fizibu karatasi wala usiweke kubwa kuliko ile iliyoandikwa. Ukienda kwa fundi, mpe historia yote, hata ile inayokuaibisha, na usimlazimishe kumaliza leo. Muulize sababu ya kuungua ni nini. Akijibu kwa kutaja tu kipande alichobadilisha, bado hajakujibu.

Jioni ya Alhamisi nilikwenda nyumbani kwa kijana. Nilimweleza yote, wima mlangoni, maana sikuona kama nastahili kiti. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniambia kwamba Jumamosi ile, tulipokuwa tunafunga nyaya, alisema kwamba nyuma imeandikwa ohm 4. Nilikumbuka. Nilikuwa nimemjibu kwamba sisi wakubwa tumeshaamua.

Kwenye kikao kilichofuata nilisema mbele ya wote, na nusu ya matengenezo nililipa mimi. Kijana amerudi, lakini ufunguo wa kabati alikataa kuupokea peke yake. Sasa unashikwa na watu wawili. Kitambaa cha maua kimewekwa juu ya meza, chini ya ampli. Na nyuma yake, kwa wino mweusi, kijana ameandika kwa herufi kubwa: bafle moja kila upande.